Kazi Ndogo za Monitrisi

Kaa kwenye kiti hiki cha karibu, na kama una kazi ya mkono njoo nayo, kwa maana habari hii inasikilizika vizuri zaidi vidole vikiwa vinafanya kitu. Nataka kukueleza juu ya mwanamke ambaye sisi wa mtaa wa Makomeno tulimwita Monitrisi, na bado tunamwita hivyo. Ndilo jina tunalompa mwanamke anayefundisha kushona na kutarizi kwenye foyer, ile nyumba ya parokia ambako wasichana na wake za watu hujifunza kazi za mikono. Jina lake la kweli analo, na anayelihitaji analijua. Mimi sikuwahi kulitumia, na leo nisingejua pa kuanzia.

Sitakueleza alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Inatosha ujue kwamba wazazi wake walitoka Kasai, mumewe ni mtu wa huku huku Katanga, na nyumba yao ilitazamana na yangu, ng'ambo ya barabara. Kwanza nilikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake, kisha jirani wa kuingia bila kubisha chumvi inapoisha.

Nianze na ulimi wake, kwa kuwa ndio watu waliokutana nao kwanza. Darasani alikuwa mkali. Hakuangalia kazi yako upande wa mbele. Akiipokea aliigeuza, akatazama mgongo wa kitambaa, pale nyuzi zinapovuka na mafundo yanapojificha, na hapo ndipo alipokupimia. Kila mmoja wetu alipata jina kutokana na kosa lake. Kulikuwa na Mirefu, aliyeshona kana kwamba anafunga gunia. Kulikuwa na Damu, aliyejichoma kila mara. Mimi nilikuwa Mafundo.

"Weye Mafundo, kuya hapa," aliniambia wiki yangu ya kwanza, foronya yangu ikiwa mikononi mwake. "Hii ni muto, ao ni mufuko ya makala?"

"Ni muto, Monitrisi."

"Na bwana yako atalalia hii? Sikio yake iko ya chuma?"

Darasa lilicheka. Alichukua sindano nene akaanza kufumua kazi yangu yote, fundo moja baada ya jingine, taratibu, bila kukata. Alipomaliza alinipa uzi ukiwa mzima, umejikunja kunja kama nywele zilizofunguliwa misuko.

"Uzi haikufa," alisema. "Anza tena."

Waliomsema vibaya waliikumbuka ile sehemu ya mfuko wa makaa na sikio. Hii ya uzi waliisahau. Lakini mimi sikumwona hata siku moja akikata kazi ya mwanafunzi kwa mkasi.

Wengi wetu tulikuwa wachumba. Kwetu ni desturi bibi arusi aingie kwenye nyumba mpya na jozi ya foronya alizozitarizi mwenyewe, na miezi ya mwisho kabla ya arusi foyer ilijaa wasichana walioinamia maua na ndege. Karibu wote walifanya kosa lile lile: walitarizi ua kubwa katikati, ili lionekane vizuri kitanda kikitandikwa. Monitrisi aliwaacha wafike nusu ya ua, ndipo akawaambia.

"Pale kati njo nafasi ya shavu," alisema, na hilo "njo" kwetu ni "ndiyo". "Nilionaka bwana mumoja ku misa ya asubuhi, iko na ua mu shavu, na majani yake yote. Parokia muzima ilijua kitanda yake iko namna gani. Maua inakaa pembeni. Kati, muachie muntu."

Wengine walitaka kuandika "Monsieur", bwana, kwenye foronya moja na "Madame", bibi, kwenye nyingine. Hilo alilikataa kabisa.

"Muto haina carte d'identité, haina kitambulisho," aliwaambia. "Mukilala vizuri, asubuhi hamutajua ya nani ni ya nani."

Wasichana waliona haya, wakacheka ndani ya vitambaa vyao. Yeye hakucheka. Alikuwa anafundisha.

Sasa nikueleze jambo la mfuko, kwa maana kwa jambo hilo ndipo nilipoanza kumjua. Siku moja ya baridi, mwezi wa sita, alinipa koti la mumewe nilishone kwapani. Nilipoligeuza nikaona kwamba ndani ya mfuko wa kulia, pale ambapo fundi angeweka kitambaa cheupe cha kawaida, palikuwa na kikwembe, kitenge cha wax, kile cha kijani alichokivaa yeye mwenyewe Pasaka. Niliingiza vidole. Chini ya kile cha kijani kulikuwa na pindo la kingine, cha rangi ya samawati, kilichokwisha fifia.

Nilimuuliza. Alijibu bila kuacha kazi yake, kama mtu anayeeleza namna ya kuosha sufuria. Kila aliponunua kikwembe kipya, kipande cha kwanza kilichobaki baada ya kukata kilikwenda kwenye mfuko wa mumewe. Papa, ndivyo tulivyomwita mumewe, alifanya kazi kwenye karakana ya mota. Asubuhi za baridi, akisubiri mlango ufunguliwe, alisimama na mkono mfukoni.

"Basi anishike," alisema.

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Hajasemaka kintu." Alivuta uzi, akaung'ata. "Siku moja nilikosa kikwembe, nikaweka kitambaa ya bure, ya soko. Akarudia mangaribi, akatosha koti, akaitandika pa meza, mufuko inje. Akakaa, akakula bukari yake. Kesho yake nikafumua."

Kama ungependa kufanya hivyo, si vigumu. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko mfuko, kikunje ukingo wake, kishonee juu ya kitambaa cha zamani kwa mishono midogo ya siri, uzi usitokee nje. Chagua kikwembe ambacho umekwisha kukivaa, kilicholainika. Kipya kina wanga na harufu ya duka, na harufu ya duka haimsaidii mtu.

Papa naye alikuwa na mikono. Kazi yake ilikuwa kutoa nyaya zilizoungua ndani ya mota na kukunja mpya, na vipande vya shaba vilivyobaki, vyembamba kama majani ya mchaichai, alikuja navyo nyumbani. Jumamosi alikaa kwenye barza, ule ukumbi wa mbele ambako watu wa mji huu huishi nusu ya maisha yao, akawa anatengeneza pini za nywele. Alikunja waya, akaupiga nyundo juu ya kipande cha chuma mpaka ukawa bapa, akausugua kwa jivu na limau mpaka ukang'aa kama jua la asubuhi. Hakuna pini mbili zilizofanana. Monitrisi alizivaa zote, na mvua ikimnyeshea zilimwachia alama ya kijani kwenye kitambaa cha kichwa, naye hakujali.

Wasichana wa foyer walizitamani.

"Papa, tutengenezee na siye," walimwomba.

"Miye niko na bibi mumoja," alijibu, bila kuinua kichwa. "Muchumba yako iko na mikono?"

"Iko nayo."

"Mwambie akuye nayo Jumamosi."

Na wachumba walikuja. Ungewaona wamekaa kwenye barza kwa Papa, vijana wenye viatu vilivyopigwa rangi, koleo mkononi, jasho puani, kila mmoja akificha kazi yake mwenzake asiione. Mume wangu alikuwa mmojawapo. Pini yake ya kwanza ilifanana na ndoano ya samaki, na hadi leo ikinivuta nywele ninafurahi.

Nimekwambia Monitrisi alikuwa mkali, na kweli aliwafundisha wachumba wasiwe watumwa wa mtu. "Mwanaume iko na miguu, anaweza kujitafutia mayi ya kunywa," alisema, na wasichana waliandika maneno hayo vichwani mwao. Kisha Jumamosi hiyo hiyo, ukipita mbele ya nyumba yake, ungemkuta amekaa kwenye barza, miguu ya Papa iko mapajani pake, anamkata kucha mbele ya barabara nzima. Tulimtania.

"Monitrisi, na ile ya mwanaume iko na miguu?"

"Kucha yake inatoboa soksi," alijibu, "na soksi ninashonaka ni miye. Ninalinda kazi yangu."

Hakuna aliyemwamini. Papa mwenyewe alitazama pembeni, akajifanya anahesabu magari.

Waligombana pia, usidhani vinginevyo, na waligombania bukari, yaani ugali. Yeye, kama watu wengi wa Kasai, alipenda kuchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, usongwe mpaka uvutike. Papa alitaka mahindi matupu, meupe, magumu.

"Hii ni bukari, ao ni kole ya kubandika bafoto?" aliuliza Papa.

"Na ya kwenu? Muntu anakula, anasikia sawa anatafuna mucanga."

"Mama yangu alinikomesha na ile mucanga, mupaka nikakuwa mukubwa."

"Njo maana uko mufupi."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi mpaka nikayajua kama sala. Lakini tazama walivyokula. Alisonga sufuria mbili ndogo, akamimina vilima viwili ndani ya sahani moja, kimoja cha mahindi, kimoja cha mchanganyiko, mboga katikati. Walianza kila mmoja upande wake, wakizozana. Kufikia mwisho Papa alikuwa upande wa Kasai na Monitrisi alikuwa upande wa Katanga, na hakuna aliyetaja.

Starehe zao zilikuwa za namna hiyo, za kufanywa na yeyote. Jumapili mchana waliondoka Makomeno kwa miguu kwenda katikati ya mji, wakati maduka yamefungwa na barabara zimetulia, wamevaa kikwembe cha aina moja, yeye gauni, Papa shati. Walitembea kutoka kioo cha duka hiki hadi kioo cha duka kile. Kila mmoja alimchagulia mwenzake kitu kimoja na akaeleza sababu. Hiyo ya sababu ndiyo iliyokuwa muhimu. Papa akisema, "Ninakupa ile saa," Monitrisi hakupokea. Ilibidi aseme, "Ninakupa ile saa juu kila siku unaniuliza ni saa ngapi, na miye ninachokaka." Hapo alipokea, wakasonga mbele. Mume wangu na mimi tumewaiga mara nyingi. Jaribu, utashangaa ni mambo mangapi mtu uliyelala naye miaka yote ameyaona kwako bila kuyasema.

Padri kijana alimwomba siku moja azungumze na wachumba juu ya upendo. Alisimama mbele yao, akashika meza.

"Mambo ya upendo sijue kuisema," alisema. "Ninajua hii tu. Usimupe bwana yako kintu kikubwa. Atashukuru mara moja, atazoea. Mupe kadogo, kesho tena kadogo." Akakaa. Padri akangoja yaliyobaki, hayakuja.

Kisha, miaka mingi baadaye, Papa akaanza kupotea.

Ilianza mikononi. Jumamosi moja tulimkuta kwenye barza anakunja waya, anakunja, hafiki kwenye umbo lolote, mpaka waya ukawa mpira mdogo wa shaba. Baadaye ikawa njia. Alitoka kwenda misa, watu wakamkuta amesimama sokoni, mkono ndani ya mfuko wa koti, mtulivu, kana kwamba anasubiri mlango wa karakana ufunguliwe. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo wa wazee, kwamba unapunguza mtu kidogo kidogo, na kwamba hautarudi nyuma.

Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, mwanamume, ni injinia, ana nyumba kubwa mtaa wa Golf. Wa pili, binti, ameolewa Kolwezi, mji mwingine wa mbali. Walikuja Makomeno siku moja, wakakaa kwenye barza na mama yao. Mimi nilikuwapo kwa sababu nilileta viti, na Monitrisi aliponiona nageuka kuondoka aliniambia nikae. Papa alikuwa ndani, amelala.

"Mama," alianza mwanawe, "hatukuye hapa kukugombeza. Tunakuya juu weye unachoka."

"Nimechoka, ni kweli."

"Papa atakuya kwangu ku Golf. Kule kuko courant ya umeme, kuko mulinzi, infirmière atakuya kila siku. Na weye utaenda na dada ku Kolwezi. Utapumuzika, utaona bajukuu."

"Mupaka wakati gani?"

Injinia aliangalia viatu vyake. "Mama, unajua hii ugonjwa."

"Ninajua. Ninauliza mupaka wakati gani."

Alitazama dada yake, na dada yake akatazama mlango wa chumba alimolala Papa, nasi sote tukaelewa. Hawakuwa watoto wabaya. Walitaka kumpunguzia mama yao mzigo, na walikuwa wameupanga mpango huo kwa moyo mzuri. Ila katika mpango huo wazee hao wasingelala tena chini ya paa moja mpaka mmoja wao azikwe.

Binti alijaribu kwa upole. "Mama, hata jina yako anaisahau. Juzi amekuita mama ya foyer."

"Aliniitaka vile mbele ya kunioa," alisema Monitrisi. "Kama anarudia kule nyuma, vizuri. Atanikuta. Nilikuwaka kule."

Yule binti alifunika uso kwa mkono. Kaka yake alikwaruza kwa ukucha rangi iliyobambuka kwenye mkono wa kiti.

"Alors, unataka tufanye nini, Mama?"

"Munipeleke pamoja naye. Nyumba tutafunga. Mafundo atashika funguo."

Wiki iliyofuata niliwasaidia kupakia. Barabara yetu ilisimama kuwatazama, na Damu, ambaye sasa ana wajukuu, alilia wazi wazi.

Nilidhani jambo limekwisha, kumbe nusu tu. Monitrisi alinipigia simu baada ya siku kadhaa. Muuguzi wao, yule infirmière, alikuwa ameagiza Papa alale peke yake, chumba cha chini, kwenye kitanda chembamba chenye vyuma pembeni ili asianguke. Monitrisi alipewa chumba kizuri ghorofani, chenye pazia na kioo.

"Tuko mu nyumba moja," aliniambia, "mais kati yetu kuko ngazi." Hakulalamika zaidi ya hapo. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja, naye hakukificha: kulala kando ya mumewe kwa muda uliobaki, wakati Papa bado anaweza kujua, hata kwa mkono tu, kwamba kuna mtu.

Mwezi uliopita aliniita, nikaenda kumwona. Nilifika asubuhi, mlinzi akanifungulia lango, na mkamwana wake, mke wa yule injinia, akanipokea mwenyewe. Anafanya kazi benki katikati ya mji, ni mwanamke wa haraka, mwenye kucha ndefu, na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa. Alinisimamisha kwenye korido.

"Mama, nikuambie mbele uingie," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mchana Papa akilamuka, anaenda ku ngazi. Anasimama pale chini, anashika ile mbao. Kupanda hajue, kurudia hajue. Anangoja tu. Na Mama naye juu, iko anangoja. Nikaambia bwana yangu, hii bazee tunabafunga juu ya nini?"

"Akasema?"

"Akasema tujaribu. Nikatosha ile vyuma, nikasukuma kitanda ya pili karibu, miye na mulinzi. Mais juzi mukono ya Papa iliingia mule kati ya vitanda, akashituka, akapiga kelele nyumba yote. Bwana yangu aliogopa. Amesema leo atakuya kuona mwenyewe saa ya kulala ya mchana. Kama Papa anashituka tena, vyuma vinarudi, na Mama anarudi juu."

Ndani nilimkuta Monitrisi amekaa kwenye mkeka, mashuka mawili yamemzunguka, moja jeupe, jingine la rangi ya maziwa. Alikuwa amekonda. Miwani yake ilikuwa minene kuliko zamani. Aliinua uso, akanitambua kwa viatu.

"Mafundo. Umechelewa. Nawa mikono."

Tatizo alikuwa amekwisha kulipima. Vitanda vilitoka maduka tofauti, kimoja kilikuwa chini kidogo. Alikuwa amekinyanyua kwa blanketi zilizokunjwa, akaziba ufa kwa blanketi jingine lililoviringishwa, akafunga miguu ya vitanda kwa kamba za kitambaa ili visiachane. Lilibaki shuka. Kila kitanda na shuka lake, mkono wa Papa ungekuta ukingo, ungeuvuta, ungeingia tena kwenye ufa. Ilitakiwa shuka moja, na katika nyumba hiyo tajiri hapakuwa na shuka la upana huo. Macho yake hayakuweza tena mishono midogo. Ndiyo maana alikuwa ameniita.

Nilianza. Alikaa karibu yangu, akifuata kwa kidole pale sindano ilipotoka. Nilipofika robo ya urefu alinisimamisha.

"Unavuta sana. Iko inakuwa kamba."

"Ninaogopa itaachia."

"Haitaachia. Ni bantu babili bazee, habatapigana mieleka. Fumua."

Nilifumua. Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mara akavua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka upande wa pili.

"Mama, na miye ninaweza kushona upande huu?"

Monitrisi alimwangalia jinsi alivyoishika sindano. "Unashika sindano sawa biki ya kuandika," alisema. "Basi njo jina yako, Biki. Kuya karibu. Usikimbie, hapa hakuna kliyenti anangoja."

Tulishona tukianzia katikati na kuachana, mimi nikielekea kichwani, Biki akielekea miguuni, na kabla ya saa sita ukucha wake mmoja mrefu ulikuwa umekatika naye hakuutazama. Tulitandika. Injinia aliingia na shati la kazi, akimshika baba yake kiwiko. Alimketisha Papa kitandani, akamvua viatu, akamlaza, kisha akarudi nyuma akasimama ukutani, mikono imekunjwa.

Monitrisi alilala upande wa pili, na gauni lake, na miwani yake. Hakumgusa mumewe. Aliweka mkono wake juu ya shuka, wazi, akangoja.

Papa alitazama dari. Midomo yake ilitikisika kidogo. Kisha kiganja chake kikaanza kutembea juu ya kitambaa, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kilifika katikati. Nilishika pumzi, na Biki akanishika mimi. Kiganja hakikusimama. Kilivuka, kikaendelea, kikakuta vidole vya mke wake.

"Njo weye?" aliuliza.

"Njo miye."

"Mama ya foyer."

"Njo miye. Lala."

Alilala. Mwanawe alibaki ukutani mpaka pumzi ya baba yake ikawa ndefu na sawa. Halafu alitutangulia kutoka, akavuta mlango bila kuufunga kabisa, na kwenye korido akamwambia mkewe, huku anatafuta kitambaa cha kujifutia uso, "Ile vyuma ya kitanda, mwambie mulinzi aipeleke mu depo."

Mshono huo nitakufundisha, kwa kuwa huwezi kujua lini utauhitaji. Chukua mashuka mawili ambayo upande mrefu una ukingo wa kiwandani, ule usiotoka nyuzi. Yalaze uso kwa uso, kingo zikilingana, wala usikunje pindo, kwa kuwa pindo ndilo linalosikika mkononi. Tumia uzi mmoja, wa pamba, uliopitishwa kwenye sabuni. Anza katikati ushone kuelekea kichwani, kisha rudi katikati ushone kuelekea miguuni, ili shuka moja lisiliache jingine. Chukua nyuzi mbili tu za kitambaa kwa kila mshono, na usivute. Ukimaliza, lifungue shuka, lipige mgongo wa kijiko juu ya mshono mpaka ulale. Halafu funga macho, pitisha kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kikisimama mahali, fumua hapo, ushone tena.